Michezo ni Ajira? Nionyesheni Mkataba

Kila msimu wa UMISSETA ukifika, hapa Kibaha ninakoishi na kule Kisarawe ninakofundisha, hotuba ni moja. Wanaoitoa hubadilika, turubai hubadilika rangi, hotuba ni ileile. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, watoto wamesimama juani na jezi za kuazima, mshereheshaji anapima maiki kwa kuipulizia, kisha sentensi inakuja: "Michezo siyo burudani tu, michezo ni ajira." Makofi. Halafu inafuata pacha wake, kwamba tumejipanga "kuibua vipaji". Makofi tena. Saa tisa alasiri msafara umeshaondoka, na vipaji vilivyoibuliwa vinatafuta nauli ya kurudi Maneromango.

Nina ugomvi na sentensi ile, na si kwa sababu ni uongo. Kuna mahali duniani ambako ni kweli tupu. Ugomvi wangu ni kwamba anayeitamka hajawahi kuulizwa neno "ajira" analitumia kwa maana gani. Mimi ni mwalimu. Ajira yangu naijua kwa karatasi: barua ya kuajiriwa, daraja la mshahara, makato, kadi ya bima, tarehe ya kustaafu. Ukiniambia kurusha mpira ni ajira, sikatai. Nionyeshe karatasi.

Nitabishana kwa kutumia kazi ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia, kazi ya mrushaji wa akiba katika besiboli. Nimeichagua kwa sababu ni ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisoma katika michezo ya kulipwa. Ikiwa hata hiyo inaweza kuwa ajira kamili, yenye pensheni, basi tatizo letu silo lile tunaloambiwa kwenye turubai.

Kwa asiyeijua besiboli: mchezo una vipindi tisa. Timu moja inarusha, nyingine inapiga kwa rungu. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka mpigaji anapopigia, na kazi yake ni kumpitishia mpira mdogo mgumu asiupate, au aupate vibaya. Aliyeanza mchezo akishafikisha mipira 90 au 100, mkono umechoka, kasi imeshuka, wapigaji wameshamsoma. Hapo benchi la ufundi linapiga simu, simu ya kweli ya waya, kwenda kwenye kibanda cha kupashia pembeni mwa uwanja, ambako wanaume saba au wanane wamekaa tangu mwanzo wakitafuna mbegu. Mmoja anaambiwa apashe mkono. Geti linafunguliwa, anaingia. Anarusha kipindi kimoja, pengine mipira 15, na siku yake ya kazi imekwisha. Kuna siku haitwi kabisa, na siku hiyo nayo inalipwa.

(Waingereza wana neno lao la mrushaji linaloishia masikioni kama "picha". Nilipomwambia rafiki yangu pale Maili Moja kwamba naandika habari za picha wa besiboli, aliniuliza kama ni mtu wa Picha ya Ndege. Tubaki na mrushaji.)

Nilipowaeleza wanafunzi wangu kazi hii, kijana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono. "Mwalimu, sasa huyo si ni wa benchi tu?" Darasa likacheka. Kwetu wa benchi ni aliyekosa namba, mtu wa kubeba maji. Na kwa muda mrefu hata Marekani ilikuwa hivyo. Mrushaji wa akiba alikuwa mzee aliyechuja au kinda asiyeaminika, anayeingizwa mchezo ukiwa umeshaharibika.

Kilichombadilisha ni daftari. Mwandishi mmoja wa michezo wa Chicago, Jerome Holtzman, aliona karibu na mwaka 1960 kwamba watu hawa wanaokoa michezo na hakuna anayeandika popote. Akabuni hesabu: mrushaji wa akiba akiingia timu yake ikiwa mbele kidogo, akaulinda ushindi hadi mwisho, anaandikiwa uokozi mmoja. Mwaka 1969 hesabu hiyo ikawa rasmi. Kuanzia hapo mtu wa kibanda cha kupashia akawa na namba ya kuweka mezani anapodai mshahara. Mkono ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu mwenye kalamu.

Mariano Rivera ni matunda ya kalamu hiyo. Ni mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama, kijiji cha samaki ambacho mtu wa Bagamoyo angekitambua kwa harufu tu. Utotoni alicheza kwa glavu ya maboksi. Yankees wa New York walimsajili mwaka 1990 kwa dola elfu mbili au tatu hivi, fedha ya pikipiki. Mrushaji anayeanza mchezo anahitaji aina tatu au nne za mipira ili asizoeleke. Rivera alikuwa na mmoja wa kutegemea, unaokata kona mwishoni kabisa, na kwa kuwa alikuwa akirusha kipindi kimoja tu, mmoja ulitosha. Alistaafu mwaka 2013 akiwa na uokozi 652, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza katika historia kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli bila kura hata moja kukosekana. Ujuzi mmoja, dakika kumi na tano za kazi, na hakuna aliyemwita wa benchi.

Lakini Rivera ni nyota, na nyota hutumika kudanganya watoto. Nawaletea mwingine, ambaye kwangu ndiye hoja yenyewe.

Tayler Scott alizaliwa Johannesburg. Akiwa kijana alikwenda Arizona kusoma na kucheza. Mwaka 2011 klabu ya Chicago Cubs ikamchukua katika mchujo wa vijana. Kisha ikawa miaka ya mabasi, ligi za chini, miji ambayo jina lake hulikumbuki hata ukiwa umelala humo. Kuna wakati aliangukia ligi huru, nje kabisa ya mfumo wa klabu kubwa. Ligi kuu aliifikia Juni 2019 na Seattle Mariners, miaka minane baadaye, akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini kufika huko. Mwaka huohuo alihamia Baltimore. Uliofuata alikuwa Hiroshima, Japani. Mwaka 2022 San Diego. Mwaka 2023 peke yake alivaa jezi tatu za ligi kuu: Dodgers, Red Sox, Athletics. Anaachwa, anaokotwa, anaachwa. Halafu mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 32, Houston Astros walimwita kazini mara 62 na alikuwa miongoni mwa warushaji wao wa kutegemewa.

Soma tena orodha hiyo kama mtu anayesoma wasifu wa mwombaji kazi. Hakuna kombe ndani yake. Ukimpeleka Scott kwenye turubai letu, mgeni rasmi hatajua aseme nini juu yake. Hata hivyo huyo ndiye mfanyakazi, na "michezo ni ajira" inapaswa kumaanisha mtu kama yeye. Kila alipoachwa kulikuwa na utaratibu wa kumwacha: klabu nyingine zinapewa siku za kumdai, kuna anayemlipa wakati anasubiri, kuna daftari lisilopotea linaloonyesha alirusha wapi, mara ngapi, kwa kasi gani. Ndiyo maana aliweza kuokotwa. Kwetu aliyeachwa anarudi nyumbani na jezi.

Msinielewe vibaya, mfumo huo haukushuka na malaika. Hadi juzi wachezaji wa ligi za chini za Marekani walikuwa wakilala kwa kubanana. Wa ngazi ya chini kabisa alilipwa dola 4,800 kwa mwaka. Wakafungua kesi ya mishahara. Mwaka 2022 klabu zikakubali kulipa dola milioni 185 kuimaliza. Septemba mwaka huohuo wakajiunga na chama cha wachezaji, na mwaka 2023 wakasaini mkataba wao wa kwanza wa pamoja: ngazi ya chini kabisa ikapanda hadi dola 19,800, takriban shilingi milioni 50 kwa mwaka, na ngazi ya juu ya ligi za chini ikawa dola 35,800. Ligi kuu yenyewe, kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Na huko ligi kuu, mtu akitimiza siku 43 kwenye orodha ya timu, tayari ana haki ya pensheni. Siku 43! Mimi mfuko wangu unanidai michango ya miezi 180. Najua hesabu za bima si za kulinganisha kienyeji hivyo, ila niacheni niumie kidogo.

Hata mimi ninayenung'unika kila nikiona makato ya chama kwenye hati ya mshahara nimelazimika kukiri: kutoka 4,800 hadi 19,800 hakuna kipaji kilichoongezeka. Mikono ni ileile.

Sasa turudi Afrika Mashariki, maana najua utasema Panama ni mbali na Johannesburg si kwetu.

Waganda wameshatangulia. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala iliifunga Saudi Arabia huko Poland na kufuzu fainali za dunia za vijana, zinazochezwa Williamsport, Pennsylvania. Haikwenda. Wamarekani waliwanyima viza, kwa sababu karatasi za umri na majina ya watoto na wazazi hazikukubaliana. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilirudi na karatasi zilizonyooka, ikawa timu ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza fainali hizo, na ikawafunga watoto wa Oregon 3-2. Miaka kumi baadaye, 2022, Dodgers wa Los Angeles wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pirates wa Pittsburgh wakamchukua David Matoma. Wote watatu warushaji. Matoma anatumika kama nilivyoeleza: anakaa kibandani, anaitwa, anaingia.

Sisemi wamefika. Ngazi ni ndefu na wengi huteremka katikati. Ninachosema ni kwamba Lugazi si mji wa ajabu. Ni mji wa miwa kando ya barabara kuu, kama ambavyo Mlandizi ni mji wa barabara kuu. Kilichokuwepo Uganda ni Mmarekani mmoja, Richard Stanley, aliyejenga viwanja na shule nje ya Kampala, walimu waliokubali kujifunza mchezo wasioujua, na watu waliofuatilia vyeti vya kuzaliwa hadi vikapatikana.

Hapa kwetu besiboli ipo, kwa wasiojua. Wajapani wameisimamia tangu miaka ya 2010, uwanja upo pale sekondari ya Azania, Dar es Salaam, na kila mwaka shule hukutana katika mashindano yaliyopewa jina la Koshien, kama yale ya sekondari za Japani. Wavulana wanacheza besiboli, wasichana softiboli. Nawaheshimu wanaoyaendesha. Lakini mtoto akimaliza shule, hakuna ligi ya kulipwa inayomsubiri, na hakuna klabu ya nje itakayomwona ikiwa namba zake hazijaandikwa popote.

Na mikono? Mikono tunayo hadi tunaibwaga. Pita Kisarawe msimu wa maembe uone mtoto wa darasa la tano akichagua jiwe, akichagua embe moja kati ya mia, akiliangusha bila kugusa majani. Halafu tazama rede. Sote tuliokulia Pwani tumecheza au kutazama rede: wawili pembeni, mmoja katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, mpira wa soksi unapita kama risasi. Ni mchezo wa wasichana, ndiyo maana hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuufungua, na ndiyo maana mkono bora shuleni kwangu ni wa msichana. Anarusha kutoka begani, nyonga ikitangulia, kama aliyefundishwa. Wavulana wanaocheza mpira wa miguu tangu chekechea wanarusha kama watu wanaofukuza kuku.

Asiyeamini kwamba mkono wa Afrika Mashariki unaweza kufika amtazame Julius Yego. Wakenya walikuwa wakikimbia, yeye akachukua mkuki, akajifundisha kwa video za YouTube, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia Beijing kwa mita 92.72. Sasa ulizeni Yego alikuwa akila nini wakati anajifundisha. Alikuwa mwajiriwa wa polisi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo hotuba hulikwepa. Afrika Mashariki iliwahi kuwa na jibu la "michezo ni ajira", na jibu lilikuwa magwanda. Filbert Bayi, ambaye shule zake ziko hapa Mkuza, Kibaha, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3:32.16. Enzi hizo mkimbiaji haruhusiwi kulipwa kwa kukimbia. Bayi aliishi kwa sababu alikuwa askari. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 na kushika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, alikuwa afisa wa jeshi. Jeshi lilikuwa mkataba, bima na pensheni kwa pamoja. Mimi nimekulia karibu na uwanja wa Mabatini, Mlandizi, nikiitazama Ruvu Shooting, timu ya JKT, na tulichekeshwa sana na mpapaso wa msemaji wake Masau Bwire. Lakini nyuma ya mpapaso kulikuwa na jambo zito. Kwa mchezaji aliyeandikishwa jeshini, siku mguu unapokataa bado ana kazi Jumatatu. Ruvu Shooting ilishuka daraja mwaka 2023, na nilisikitika zaidi ya kupoteza timu.

Maana raia hawana hilo. Mtoto wa mama yangu mdogo alicheza madaraja ya chini, klabu moja ya mkoa mwingine. Alikuwa na kasi, alikuwa na krosi. Alilipwa kinachoitwa hela ya sabuni, ikipatikana, na makubaliano yake yote na klabu yalifanyika kwa mdomo, kwenye simu, yeye akiwa ndani ya daladala. Akaanguka vibaya mazoezini, goti likageuka. Akafikishwa nyumbani na mwenzake, si kiongozi. Tukamkimbiza Tumbi, tukapewa rufaa kwenda Muhimbili, tukaambiwa kano imekatika na gharama ni hizi. Klabu ilituma ujumbe wa pole. Kundi la WhatsApp likafunguliwa, likaitwa Tumshike Mkono Kaka Yetu, likakusanya fedha ya vipimo na nusu ya dawa, kisha likageuka la kutumiana salamu za Ijumaa. Upasuaji haukufanyika. Leo anaendesha bodaboda kati ya Mlandizi na Mzenga, na barabara ikiwa mbovu anashuka upande mmoja kama mzee. Ana miaka 24.

Warushaji huumia zaidi yake. Kano ya ndani ya kiwiko hukatika kwa sababu mwili haukuumbwa kurusha kwa kilomita 150 kwa saa. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji mrushaji Tommy John, akamwekea kano iliyotolewa mkono mwingine, na tangu hapo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Mtu hukaa nje mwaka mzima na zaidi. Katika mwaka huo klabu inalipa daktari, inalipa mazoezi ya kumrudisha, na mshahara unaendelea. Mkono ulioumia kazini unatibiwa na kazi. Sina hoja kubwa zaidi ya hiyo katika makala haya.

Nasikia majibu matatu, nayajua kwa sababu nimeyasikia ofisini kwa walimu.

La kwanza, kwamba besiboli si mchezo wetu. Na mpira wa miguu je? Haukuota Kisarawe kama mihogo. Wajapani nao waliletewa besiboli na mwalimu Mmarekani miaka ya 1870, leo wanatuletea sisi. Na hata hivyo mimi sipiganii besiboli. Weka mkuki, weka netiboli, weka ndondi, hoja inabaki.

La pili, elimu kwanza. Mwalimu mwenzangu hunitazama kwa huruma anaposema hivi. Kusoma mkataba ni elimu gani basi? Vijana wengi wanaosajiliwa kutoka nje ya Marekani huanzia ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, na ule mkataba mzuri wa 2023 niliousifu hauwahusu wakiwa huko. Unaanza kuwahusu wakivuka. Mtoto asiyejua kifungu hicho atasaini akidhani amefika. Nani amfundishe kusoma maandishi madogo kama si sisi?

La tatu ndilo lenye nguvu: wanaofika ni wachache mno, unawapa watoto ndoto za bahati nasibu. Ni kweli ni wachache. Lakini tazama nani anayeuza bahati nasibu. Mimi sijawahi kumwambia mtoto kwamba michezo ni ajira. Wanamwambia wao, kwa maiki, kila Juni. Ninachodai ni kwamba wanaotamka neno hilo walibebe. Wafadhili wa kombe la ng'ombe na jezi waandike kwenye karatasi ya usajili nani anamtibu anayeumia. Klabu za mkoa wa Pwani zisimchezeshe mtu bila mkataba wa maandishi, wa Kiswahili, nakala moja ibaki kwa mama yake. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kiwe na jina linalojulikana kwenye viwanja vya Msanga na Masaki na si vya mjini tu. Na namba za watoto ziandikwe.

Hilo la namba linaniudhi kupita yote. Kuanzia Kiluvya hadi Mlandizi, Barabara ya Morogoro ina askari wenye tochi. Kila Scania, kila Yutong, kila Noah inapimwa kasi, na dereva akibisha anaonyeshwa tarakimu. Tunajua basi fulani lilipita Kibaha kwa kilomita 83 kwa saa. Mkono wa mtoto wa Maneromango haujawahi kupimwa na kifaa chochote, na bado tunasimama kwenye turubai na kusema tumeibua kipaji. Tumekiibuaje? Kwa macho?

Pia tarehe za kuzaliwa. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana kwa sababu ya umri wa mchezaji. Waganda walinyimwa viza mwaka 2011 kwa karatasi. Mtoto anayeweza kusajiliwa na klabu ya Marekani anahitajika akiwa na miaka 16 au 17, na kitu cha kwanza watakachochunguza si mkono, ni cheti.

Kwa hiyo mwaka huu nimenunua kaunta buku moja. Sina tochi, nina futi kamba ya fundi ujenzi na mpira mmoja wa kriketi uliochakaa. Kila Alhamisi baada ya vipindi, anayetaka anarusha mara tatu, tunapima mita, naandika: jina, tarehe, upepo kama upo, mkono gani. Wameshafika 34. Yule msichana wa rede anaongoza kwa mita 54, na anayemfuata ni mvulana anayemzidi kwa miaka miwili. Nimechora safu ya mwisho kwa ajili ya namba ya cheti cha kuzaliwa. Safu hiyo ina majina 19 yaliyo wazi, la kwake likiwa mojawapo. Baba yake amekuja kutoka Mzenga Jumatatu na kadi ya kliniki iliyolowa maji, mwaka unasomeka, mwezi hausomeki. Keshokutwa tunakwenda naye wilayani.